Nani Alimwita Hürrem Mchawi?

Walioifuatilia tamthilia ya Kituruki, Sultan, pale Azam TV ilipoileta kwa sauti za Kiswahili wanaukumbuka ubishi uliozuka kila usiku tamthilia ilipokatika. Kulikuwa na timu Mahidevran, mama wa watu aliyenyang'anywa mapenzi mchana kweupe. Kulikuwa na timu Hürrem, binti aliyeingia ikulu akiwa mtumwa akaishia kuwa mke wa Sultani Süleyman wa dola ya Kiosmani, Uturuki ya zamani. Na timu zote mbili zilikubaliana jambo moja: yule mwanamke ana mambo. Siku Mustafa, mwana wa Mahidevran, aliponyongwa ndani ya hema la baba yake, ubishi ukaisha. Kamuua Hürrem, basi.

Ninavyoona, hukumu hiyo ilitolewa mapema mno, tena ilitolewa karibu miaka 500 kabla kamera haijawashwa. Tamthilia haikuizua sura ya Hürrem mchawi na mfitini, iliirithi. Waliomchora hivyo walikuwa wanaume waliokaa nje ya kuta za ikulu, wasiowahi kumtia machoni, na walianza kumwita mchawi miaka mingi kabla Mustafa hajafa. Ukiifuata habari hiyo mpaka chanzo chake, unakuta kosa lake la kwanza halikuwa kuua mtu. Lilikuwa kuolewa.

Kwanza tamthilia yenyewe, kwa ufupi. Jina lake la Kituruki ni Muhteşem Yüzyıl. Ilianza kurushwa Uturuki tarehe 5 Januari 2011 kwenye Show TV, baadaye ikahamia Star TV, ikamalizika Juni 2014 baada ya sehemu 139, kila moja ndefu kama filamu, ndiyo maana vituo vya nje huzikatakata. Mwandishi wake wa kwanza, Meral Okay, alifariki Aprili 2012, kazi ikaendelezwa na Yılmaz Şahin. Halit Ergenç alikuwa Sultani Süleyman. Hürrem wa mwanzo alikuwa Meryem Uzerli, mzaliwa wa Ujerumani. Alipoondoka mwaka 2013 nafasi ikashikwa na Vahide Perçin, na wapo watazamaji ambao mpaka leo hawajaikubali sura ile ya pili.

Sasa mwanamke mwenyewe. Tunachokijua kwa uhakika kuhusu utoto wake hakijazi ukurasa. Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 huko Ruthenia, nchi iliyokuwa chini ya ufalme wa Poland na ambayo leo ni magharibi mwa Ukraine. Mapokeo yanautaja mji wa Rohatyn. Jina Aleksandra analoanza nalo kwenye tamthilia limetoka katika masimulizi ya baadaye. Wazungu walimwita Roxelana, mwanamke wa Ruthenia. Hürrem ni jina alilopewa ikulu. Watatari wa Crimea walikuwa wakivamia vijiji vya huko mara kwa mara na kupeleka mateka kwenye soko la Kaffa, ukingoni mwa Bahari Nyeusi, na kutoka hapo wengi walipakiwa melini kwenda Istanbul. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuchorewa picha ya soko la namna hiyo. Süleyman alikalia kiti mwaka 1520. Mwaka uliofuata Hürrem akamzalia mwana, Mehmed.

Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza, kwa sababu ili uelewe kilichofuata lazima ujue nyumba ile iliendeshwaje.

Wanawake wa Sultani walikuwa masuria, na Zanzibar jambo hilo halina ugeni. Sayyid Said bin Sultan alikuwa na mke wa cheo, Azza bint Seif, ambaye hakumzalia mtoto, na masuria waliojaza nyumba za Mtoni na Beit al-Sahil. Majid na Barghash, waliotawala baada yake, ni wana wa masuria. Bibi Salme, yule aliyekimbilia Ujerumani na kuandika kumbukumbu zake, mama yake Jilfidan alikuwa suria wa Kicherkesi. Sheria ilikuwa ileile Istanbul na Zanzibar: suria akimzalia bwana wake mtoto, hauzwi tena, na bwana akifa yeye yu huru, mtoto wake huzaliwa huru, naye hurithi sawasawa na mtoto wa mke wa ndoa. Kwa hiyo kuwa mwana wa suria hakukuwa na doa. Hafsa, mama yake Süleyman, naye alikuwa suria.

Kilichoitofautisha Istanbul ni mambo mawili. La kwanza ni utaratibu wa suria mmoja, mwana mmoja. Mwanamke akishazaa mtoto wa kiume, hakurudi tena kitandani kwa Sultani. Kazi yake kuanzia siku hiyo ilikuwa mwanawe: kumlea, kusimamia masomo yake, kuhama naye atakapopelekwa kuwa liwali wa jimbo la mbali, kumwangalia chakula chake na marafiki zake, mpaka siku baba atakapofumba macho. La pili ndilo lililoipa uzito kazi hiyo. Hapakuwa na mrithi aliyetajwa. Wana wote walikuwa na haki sawa ya kiti, na atakayekipata aliruhusiwa kuwaua ndugu zake ili dola isigawanyike. Kanuni inayonasibishwa na Mehmed II, yule aliyeiteka Konstantinopoli mwaka 1453, inalisema hilo waziwazi bila kutafuna maneno. Selim I, baba yake Süleyman, alimwondoa baba yake mwenyewe madarakani mwaka 1512, kisha akawamaliza ndugu zake na wana wa ndugu zake. Süleyman alipokalia kiti hakuwa na ndugu wa kushindana naye, na hiyo ni bahati ambayo wachache walikuwa nayo.

Linganisha na kwetu. Barghash alipojaribu kumpindua kaka yake Majid mwaka 1859, Bibi Salme akiwa miongoni mwa waliomsaidia, alishindwa, akapelekwa Bombay. Baadaye akarudi, na mwaka 1870 akawa Sultani. Istanbul asingerudi.

Basi kila mama mwenye mwana ndani ya nyumba ile alijua hesabu yake. Mwanangu akishinda, mimi ni Valide Sultan, mama wa mtawala, mwanamke mkubwa kuliko wote katika dola. Akishindwa, namzika, na wajukuu zangu nawazika. Nafasi ya pili haikuwepo. Kisha tamthilia inawaonyesha wanawake hao wakikatana jicho kwenye korido na kutuambia kwamba ni wivu wa mapenzi. Wivu ungekuwa nafuu.

Niwape waandishi haki yao: hofu ya Hürrem kwamba Mustafa akitawala wanawe watakufa imo ndani ya hadithi, na inarudi tena na tena. Lakini huja kama kisingizio cha mwanamke mwenye tamaa, ilhali ilikuwa kanuni ya nchi, na kila aliyekuwa ikulu aliijua tangu mpishi hadi mufti.

Mtu wa kwanza kuuvunja utaratibu huo ni Süleyman. Baada ya Mehmed kuzaliwa aliendelea kumwita Hürrem kana kwamba hakuna mila yoyote. Mwaka 1522 akazaliwa Mihrimah, binti yao. Wakafuata Abdullah, aliyekufa mdogo, Selim mwaka 1524, Bayezid, na mwaka 1531 Cihangir, aliyekuwa na kibiongo. Wana watano kwa mama mmoja! Na wakati huo wote Mahidevran, mama yake Mustafa, alikuwa na mwana mmoja kama mila ilivyotaka. Mustafa alipopewa uliwali wa Manisa mwaka 1533, mama yake alihama naye. Watazamaji wengi waliona kufukuzwa pale. Kwa watu wa zama zile ilikuwa hatua ya kawaida kabisa, tena ya heshima: mama wa mwana mkubwa anakwenda kuiongoza nyumba ya mwanawe.

Ajabu ilikuwa yule aliyebaki. Karibu mwaka 1534 Süleyman alimwacha huru Hürrem na kumuoa. Kwa vizazi kadhaa masultani wa Kiosmani hawakuwa wakifunga ndoa rasmi, na hata walipokuwa wakifunga zamani, walioa mabinti wa wafalme jirani. Kumpa suria uhuru wake na kumfanya mke kulikuwa jambo lisilo na mfano. Mfanyabiashara au balozi aliyekuwa mjini alipata cha kuandika nyumbani. Hürrem akapewa cheo kipya, Haseki, na posho ya akçe (sarafu za fedha) 2,000 kwa siku. Akahamia Topkapı, mahali serikali ilipokuwa, wakati desturi ilikuwa wanawake wakae Ikulu ya Zamani katikati ya mji. Na wanawe walipokwenda majimboni, aliwatembelea akarudi. Hakuhama.

Hebu itazame hali hiyo kwa macho ya askari wa Yeniçeri au ya waziri. Mila ile ya suria mmoja mwana mmoja ilikuwa na maana ya kisiasa: kila mwana awe na mtetezi wake, na Sultani asiwe wa mwanamke yeyote. Sasa kuna mwanamke mmoja mwenye wana wanne hai, anayelala ndani ya jengo linaloendesha dola, na mume asiyemtazama mwingine. Mustafa na mama yake wako mbali Anatolia. Watu walitafuta maelezo. Kusema kwamba Sultani, kivuli cha Mungu duniani, ameamua mwenyewe kubadili mila kwa sababu anampenda mtu, lilikuwa neno zito mdomoni. Kusema kwamba amerogwa lilikuwa jepesi.

Na hivi ndivyo ilivyoandikwa. Luigi Bassano, Mtaliano aliyewahi kuishi Istanbul, alichapisha kitabu chake Roma mwaka 1545. Anaeleza kwamba watu wa mji wanastaajabia mapenzi ya Sultani kwa mkewe, wanasema amemroga, na wanamwita mchawi. Kwamba alisikia daima Mustafa na mama yake wakisifiwa, na Hürrem na wanawe wakisemwa vibaya. Angalia mwaka: 1545. Mustafa aliuawa 1553. Jina la mchawi lilikuwa tayari limepigwa chapa miaka minane kabla ya lile tukio ambalo tunadhani ndilo lililompa jina hilo.

Wengine waliotuachia habari zake si mashahidi wa ndani pia. Venisi iliweka balozi wake Istanbul, aliyeitwa bailo, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuripoti nani ana nguvu ikulu. Ndani hakuingia. Alitegemea wafanyabiashara wa vito, wakalimani, wanawake waliopeleka bidhaa kwa mabibi wa ikulu, na maofisa wenye kinyongo. Mwaka 1526 Pietro Bragadin aliripoti kwamba Hürrem ni kijana, si mrembo, lakini ana mvuto na umbo dogo. (Watayarishaji wa tamthilia waliamua kutolisikia hilo.) Mwaka 1553 Bernardo Navagero akaandika kisa cha ugomvi: Mahidevran alimrukia Hürrem, akamkwaruza uso na kumtukana kuwa ni nyama iliyonunuliwa, Hürrem akakataa kwenda kwa Sultani akisema hafai tena kuonekana, na kwa ujanja huo Mahidevran akapoteza nafasi yake. Wengi wetu tuliiona kwenye televisheni ile siku ya kipigo. Lakini Navagero anaandika miaka ipatayo 30 baada ya wakati ambao ugomvi huo unasemekana kutokea. Huenda kisa kina ukweli. Huenda ni porojo ya sokoni iliyonogeshwa kila ilipopita mdomo. Kukigeuza msingi wa tabia nzima ya mtu ni kumwamini sana bailo.

Ogier Ghiselin de Busbecq, balozi wa nyumba ya Habsburg, watawala wa Austria, ndiye aliyesambaza zaidi habari za dawa za mapenzi na fitina Ulaya nzima kupitia barua zake. Alifika Istanbul mwaka 1555. Mustafa alikuwa ameshaoza kaburini, na Busbecq alikuwa akiokota yaliyosemwa.

Kuhusu Ibrahim Pasha, waziri mkuu wa Süleyman, sitakaa sana. Tamthilia inakifanya kifo chake, Machi 1536, ushindi wa Hürrem baada ya misimu miwili ya vita baridi. Hakuna ushahidi wa wakati ule unaomweka Hürrem nyuma ya amri hiyo. Kinachojulikana ni kwamba Ibrahim alirudi kutoka vita vya Uajemi akiwa amejipa cheo chenye neno sultan ndani yake, na alikuwa amesababisha kuuawa kwa mhasibu mkuu wa dola, İskender Çelebi. Waziri wa aina hiyo hahitaji adui mwanamke ili aangamie. Hata ndoa yake na Hatice, dada wa Sultani, iliyotutoa machozi, watafiti wa karibuni wanaikataa: mke wa Ibrahim anayeonekana kwenye nyaraka ni Muhsine.

Mustafa ndiye jambo lenyewe.

Mwaka 1553 alikuwa na miaka 38, liwali wa Amasya, kipenzi cha askari, mtu aliyekamilika kwa kila kipimo cha kutawala. Baba yake alikuwa anakaribia 60 na afya ilimsumbua. Jeshi lilikuwa limetoka kwenda kupambana na Shah Tahmasp wa Uajemi chini ya waziri mkuu Rüstem Pasha, ambaye alimuoa Mihrimah mwaka 1539, kwa hiyo mkwe wa Hürrem. Kutoka kambini Rüstem alipeleka habari Istanbul: askari wanasema Sultani amezeeka, apumzike, kijana ashike. Kwa baba mwingine yeyote huo ungekuwa uvumi wa kambini. Kwa Süleyman ilikuwa historia ya nyumbani kwao, kwa sababu hivyohivyo ndivyo Bayezid II, babu yake, alivyoondolewa na mwanawe Selim akiungwa mkono na Yeniçeri. Sultani akatoka mwenyewe kuliongoza jeshi. Tarehe 6 Oktoba, karibu na Ereğli upande wa Konya, Mustafa aliitwa kwenye hema la baba yake. Waliomsubiri ndani walikuwa wanyongaji bubu.

Jeshi lilichafuka. Rüstem akavuliwa uwaziri papo hapo ili kuwatuliza askari. Cihangir, mwana wa mwisho wa Hürrem, alifariki Aleppo wiki chache baadaye, na watu wakasema ni huzuni ya kaka yake. Mwana mdogo wa Mustafa, Mehmed, akauawa Bursa. Mshairi Taşlıcalı Yahya akatunga utenzi wa maombolezo uliosambaa kambini kama moto, na lawama akazitwisha kwa Rüstem. Watu wakaitia tarehe ya msiba katika maneno mawili, mekr-i Rüstem, hila ya Rüstem: ukizihesabu herufi zake kwa abjadi unapata 960, mwaka wa Hijria aliouawa Mustafa. Wazee wetu waliozoea kuficha miaka ndani ya beti za tenzi wangeupenda ufundi huo.

Je, Hürrem hakuwa na mkono? Simsafishi. Barua zake kwa mumewe zipo, na katika mojawapo anamwombea Rüstem, anasema asinyimwe fadhila, asisikilizwe anayemsema vibaya, kwa ajili ya Mihrimah. Miaka miwili baada ya mauaji, Kara Ahmed Pasha, aliyechukua nafasi ya Rüstem, naye akauawa, na Rüstem akarudi kwenye kiti chake. Mama, binti na mkwe walikuwa kundi moja la kisiasa, na kundi hilo lilinufaika. Ungeniuliza kama Hürrem alitamani Mustafa asitawale, ningejibu ndiyo bila kusita. Mama mwenye wana watatu hai chini ya kanuni ile angetamani nini kingine? Lakini kutoka kutamani mpaka kutoa amri kuna hatua ndefu, na aliyekuwa na uwezo wa kuipiga ni mmoja tu. Süleyman alikuwa ametawala miaka 33. Alikuwa mtunga sheria, mshairi aliyetumia jina la Muhibbi, jemadari aliyezoea kuamua mambo makubwa. Alisafiri majuma mengi toka Istanbul hadi Ereğli akijua anakwenda kufanya nini. Wazo kwamba alidanganywa tu na mkewe na mkwewe linahitaji tumwone kama mtoto.

Na hapo ndipo kazi ya mchawi inapoonekana. Raia hakuweza kumlaumu Sultani na kichwa chake kikabaki shingoni. Yahya mwenyewe alilenga kwa waziri. Wanahistoria waliokuja baadaye, wakiandika ndani ya dola ileile, walihitaji Süleyman abaki mkubwa na mwadilifu. Mke mgeni, aliyenunuliwa, mwenye nguvu ambazo hakuna mwanamke aliyekuwa nazo kabla yake, alikuwa mahali pazuri pa kuutua mzigo. Alikuwa amekwisha kuitwa mchawi tangu ndoa, kilichobaki ni kumwongezea kosa.

Televisheni ilikuwa na sababu zake za kuendelea hivyo. Tamthilia ya sehemu 139 haiwezi kuifanya kanuni ya urithi kuwa adui. Kanuni haina macho ya kukaziwa kamera. Uso unahitajika. Kwa hiyo chuki ya mfumo ikagawanywa kwa nyuso mbili, za Meryem Uzerli na Nur Fettahoğlu aliyeigiza Mahidevran, na mfumo wenyewe ukawa pazia la nyuma lenye vigae vizuri.

Cha kuchekesha ni kwamba Uturuki kwenyewe, waliokasirika hawakukasirika kwa niaba ya Hürrem. Malalamiko zaidi ya 70,000 yalifikishwa kwenye mamlaka ya utangazaji mwanzoni tu mwa tamthilia, mengi yakihusu heshima ya Süleyman: mbona anakunywa, mbona yuko na wanawake kila wakati. Novemba 2012 Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo waziri mkuu, alisema hadharani kwamba babu huyo wa kwenye televisheni hawamjui, kwamba Süleyman halisi alikaa juu ya farasi miaka 30. Mke kuonyeshwa akiagiza vifo vya watu haikuwa hoja. Ukraine, kinyume chake, walikuwa na tamthilia yao, Roksolana, iliyoanza mwaka 1996 Olha Sumska akiwa malkia, na huko ni shujaa wa taifa. Rohatyn wamemjengea sanamu. Mtu mmoja, pande mbili, na kila upande unachukua unachokitaka.

Kuna sehemu ya maisha yake ambayo tamthilia inaigusa kwa haraka, nami naona ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko yote, kwa sababu imeandikwa kwenye hati za wakfu na kujengwa kwa mawe. Mwishoni mwa miaka ya 1530 Mimar Sinan, msanifu mkuu wa majengo wa dola, alimjengea msikiti, madrasa, shule ya watoto na jiko la kulisha maskini katika mtaa wa Avrat Pazarı, Istanbul. Mwaka 1550 ikaongezwa hospitali, na mpaka leo Istanbul kuna hospitali yenye jina la Haseki. Karibu na Ayasofya kuna hamamu yake ya mwaka 1556, yenye upande wa wanaume na upande wa wanawake. Anayeijua Hamamni ya Mji Mkongwe ataifahamu mantiki yake mara moja. Na Yerusalemu, mwaka 1552, alianzisha jiko la wakfu la kulisha mahujaji, wanafunzi na maskini, akalitengea mapato ya vijiji kadhaa vya Palestina. Jiko hilo bado linapika. Aliandika pia barua kwa mfalme Sigismund II Augustus wa Poland, kumpongeza alipokalia kiti mwaka 1548, akiendesha kwa jina lake mwenyewe ujirani mwema na nchi alikotekwa. Hakuna kurogwa humo. Kuna mwanamke wa serikali aliyejua fedha, majengo na barua vinafanya nini.

Alifariki tarehe 15 Aprili 1558, akazikwa kwenye msikiti wa Süleymaniye, Istanbul. Kama yeye ndiye aliyekuwa chanzo cha fitina, hapo ingekwisha. Mwaka uliofuata Selim na Bayezid, wanawe wawili wa tumbo moja, walipambana kwa majeshi karibu na Konya. Bayezid akashindwa, akakimbilia Uajemi, na mwaka 1561 Shah Tahmasp akamkabidhi kwa watu wa Süleyman; aliuawa hukohuko pamoja na wanawe. Hapakuwa na Hürrem, Rüstem alifariki mwaka huohuo, na Mahidevran alikuwa Bursa akiishi kwa taabu karibu na kaburi la Mustafa. Hali yake ilikuja kunyooka katika miaka ya mwisho ya Süleyman na chini ya Selim II, mwana wa yule tunayeambiwa alikuwa adui yake wa maisha. Alifariki 1581.

Kanuni iliendelea kuua: mwaka 1595 Mehmed III alikalia kiti na kuwanyonga ndugu zake 19 kwa mkupuo. Ahmed I, mwanawe, alipomrithi mwaka 1603 alimwacha hai mdogo wake Mustafa, na Ahmed alipofariki mwaka 1617 kiti kilikwenda kwa ndugu huyo badala ya kwenda kwa mwana. Ahmed ndiye mume wa Kösem. Anayetaka kuianza tamthilia ya pili, ile ya Kösem, aanze na hilo kichwani, kwa sababu ugomvi wote wa mwanzo unatokana na mtoto mmoja ambaye kanuni ya zamani ingemnyonga na safari hii hakunyongwa.